Nani Ashike Kalamu? Mwanafunzi wa Kiingereza na Kituo cha Uandishi Chuoni

Kila muhula vyuo vya Marekani vinapofunguliwa, mkanganyiko uleule huzuka. Mhadhiri anaandika pembeni mwa insha ya mwanafunzi aliyekulia Lubumbashi, Kigoma au Eldoret: nenda kituo cha uandishi. Mwanafunzi anakwenda, insha mkononi, zikiwa zimebaki saa chache aikabidhi, akitarajia aichukue imenyooshwa kama shati kutoka kwa dobi. Badala yake anakutana na maswali. Hapa ulikusudia kusema nini? Hoja yako kuu iko wapi? Nusu saa inakwisha, makosa ya sarufi yamebaki palepale, na mwanafunzi anaondoka akiamini amepotezewa muda. Mhadhiri akiyaona makosa hayo anahitimisha kwamba kituo hakina kazi. Na wapo wahadhiri wenye hofu ya upande wa pili: insha ikija safi kupita kiasi, wanashuku kuwa aliyeiandika ni mkufunzi.

Malalamiko haya yote yana shina moja. Mtu anayejifunza Kiingereza akiomba msaada wa maandishi, asaidiwe hadi wapi kabla msaada haujageuka kufanyiwa kazi? Wataalamu wa uandishi wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, na majibu yao yanapingana. Kwa maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaosoma Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo na wanafunzi wa viza kutoka Kenya na Tanzania, ubishi huo unagusa alama, ada na wakati mwingine hata haki ya kubaki chuoni.

Kituo kilitoka wapi

Maabara za uandishi zilikuwapo katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani tangu miaka ya 1930, lakini zilienea hasa miaka ya 1970. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilifungua milango kwa kila mhitimu wa sekondari za jiji hilo. Madarasa yakajaa vijana ambao shule hazikuwa zimewaandaa kuandika kitaaluma, wengi wao wakitoka katika familia zisizozungumza Kiingereza nyumbani. Mina Shaughnessy, aliyeongoza kazi ya kuwafundisha uandishi, alichapisha mwaka 1977 kitabu *Errors and Expectations*. Alionyesha kwamba makosa yao yana mantiki: mwandishi anayekosea huwa anafuata kanuni fulani, ila si ile anayoitegemea msomaji. Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha maabara yake mwaka 1976, na tovuti ya maabara hiyo, iliyoanza miaka ya 1990, leo inatumiwa na wanafunzi wa nchi nyingi.

Katika vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, kituo cha uandishi mara nyingi huwa pamoja na tuisheni ya hisabati na sayansi, aghalabu ndani ya maktaba. Kwa kawaida huduma haina malipo ya ziada, mwanafunzi huweka miadi ya nusu saa hadi saa moja, na mkufunzi mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake anayelipwa kwa saa.

Siku hizi mzigo wa vituo hivi umeongezeka. Zamani aliyefanya vibaya mtihani wa upangaji alipelekwa kwanza kozi za maandalizi, na wengi waliishia humo bila kufika kwenye kozi zinazohesabiwa katika shahada. Ndiyo sababu California ilipitisha mwaka 2017 sheria inayojulikana kama AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii kumwezesha mwanafunzi kumaliza Kiingereza cha ngazi ya shahada ndani ya mwaka mmoja, na ndani ya miaka mitatu kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada. Lengo lilikuwa kuondoa kizuizi. Lakini mafunzo yaliyokuwa yakitolewa na kozi nzima sasa yanatafutwa kwa sehemu katika miadi ya nusu saa.

Kwa nini mwanafunzi wa lugha ya pili ni suala la pekee

Mojawapo ya mbinu kongwe katika vituo hivi ni kumwambia mwanafunzi asome insha yake kwa sauti. Aliyezaliwa na Kiingereza akifika penye kosa hukwama, kwa sababu sikio lake linakataa, na mara nyingi hujisahihisha hata kabla hajaulizwa. Anayejifunza lugha hana sikio hilo. Husoma kosa lake kwa ufasaha na kuendelea.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mahali pa kukosea panaweza kutabirika. Kiswahili hakina vibainishi vya "a" na "the", kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kuchagua kwa kila nomino jambo ambalo lugha yake haijawahi kumdai. "Yeye" hutosha kwa mwanamume na mwanamke, ndipo "he" na "she" hubadilishana nafasi katika aya moja. Kiambishi -ni katika "mezani" au "shuleni" hubeba kazi ambayo Kiingereza hugawia "in", "on" na "at". Hakuna maswali ya uchokozi yatakayomfanya mtu agundue mwenyewe kanuni ambayo hajawahi kukutana nayo.

Sababu ya pili ni historia ya shule, na hapa "mwanafunzi Mswahili" si mtu mmoja. Aliyesoma shule ya msingi ya umma Tanzania alifundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari ikamgeuzia lugha. Mkenya amefundishwa kwa Kiingereza tangu madarasa ya kati ya shule ya msingi. Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, wakati mwenzake wa Kakuma alifuata mtaala wa Kenya. Kituo kinachowaweka wote chini ya jina moja la "wanafunzi wa lugha ya pili" hakitajua kwamba mmoja ana upungufu wa msamiati, mwingine anafikiri kwa Kifaransa, na wa tatu anajua Kiingereza vizuri ila hajawahi kuandika insha ya utafiti.

Sababu ya tatu ni desturi za maandishi. Insha ya chuo cha Marekani huweka dai lake mapema, kwa kawaida katika aya ya kwanza, kisha kila aya hulitetea. Aliyelelewa katika utaratibu wa Kifaransa amezoea kuanza na swali, kulizungusha pande zake, na kulifikia jibu mwishoni. Na mwanafunzi aliyepita katika mitihani inayomtuza anayeyarudia maelezo ya mwalimu neno kwa neno anafika mahali ambapo kurudia maneno ya kitabu bila kumtaja mwandishi ni kosa la nidhamu. Haya hayamo katika sarufi, na mara nyingi hayatamkwi na yeyote, kwa sababu wenyeji wanadhani kila mtu anayajua.

Msimamo wa kwanza: asaidiwe mwandishi, si maandishi

Mwaka 1984 Stephen North alichapisha makala iliyogeuka kuwa kama katiba ya vituo hivi. Alikataa kituo kuonekana karakana ya kurekebisha insha zilizoharibika. Kazi yake, alisema, ni kumkuza mwandishi mwenyewe. Mwaka 1991 Jeff Brooks akaipeleka hoja hiyo mbali zaidi kwa kupendekeza mkufunzi afanye machache kadiri iwezekanavyo: akae pembeni, asishike kalamu, amwache mwanafunzi awe mtendaji mkuu.

Nguvu ya msimamo huu iko katika haki ya umiliki. Insha inabaki ya mwanafunzi, kituo kinaepuka tuhuma za udanganyifu, na mwanafunzi anajenga tabia ya kujihoji ambayo itamfaa hata pasipo mkufunzi. Mkazo wake juu ya hoja na mpangilio nao ni wa maana, kwani insha isiyo na hoja haiokolewi na koma zilizokaa sawasawa.

Udhaifu wake ni kwamba ulibuniwa ukimfikiria mwandishi ambaye jibu tayari analo ndani yake. Kwa asiye nalo, kuulizwa huwa fumbo, na wakati mwingine fedheha. Hapa heshima nayo inaingia. Mama wa watoto wanne anapokaa mbele ya kijana wa miaka 20 anayemhoji kwa upole usio na jibu, huenda akaitikia kila kitu kwa "ndiyo" ili kumaliza jambo kwa adabu. Mkufunzi atadhani ameeleweka, kumbe ameheshimiwa tu.

Msimamo wa pili: mwambie waziwazi

Mwaka 1993 uliwaleta wapinzani wa mapema. Judith Powers alieleza jinsi kituo chake kilivyogundua kwamba mbinu ya kuuliza iliyofaa kwa wenyeji iliwakwamisha wanafunzi wa lugha ya pili, na kwamba mkufunzi alipaswa pia kuwa mtoa habari kuhusu lugha na utamaduni wa chuo. Mwaka huohuo Muriel Harris na Tony Silva walishauri mkufunzi asijaribu kugusa kila kosa: aanze na mambo makubwa ya hoja na muundo, kisha ashughulikie makosa yanayovuruga maana.

Faida ya msimamo huu ni uaminifu. Unakiri kwamba kuna maarifa ambayo mtu hupewa, hayavumbui. Kumwambia mwanafunzi kwamba wasomaji wa hapa hutarajia dai mwanzoni hakumwandikii insha. Kunampa kipimo ambacho mwenzake mwenyeji alikipata bure sekondari.

Hatari yake ni mteremko. Anayeanza kwa kueleza huweza kuishia kuandika, hasa foleni ikiwa ndefu na mwanafunzi akisihi. Tena haijathibitika kwamba kusahihishiwa kila kosa kunafundisha. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba usahihishaji wa sarufi katika maandishi ya lugha ya pili haufai na hata unaweza kudhuru. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba alikuwa amejumlisha kupita kiasi, akatofautisha makosa yanayotawaliwa na kanuni, ambayo mwanafunzi anaweza kuelekezwa akayarekebisha, na yale ya mazoea ya lugha, ambayo hayana kanuni ya kumwelekeza. Tofauti hiyo itatufaa tunapofika kwenye kupima.

Kuna pia suala la nani anajua kueleza. Mwenyeji wa lugha anaona kwamba sentensi haikukaa vizuri, lakini akiulizwa sababu mara nyingi hujibu kwamba ndivyo inavyosemwa. Mkufunzi aliyejifunza Kiingereza ukubwani huweza kuwa mwalimu bora zaidi hapa, kwa kuwa kanuni aliipitia kwa jasho. Vituo vinavyoajiri wenyeji watupu hupoteza hazina hiyo.

Msimamo wa tatu: tatizo liko kwa msomaji

Kundi la tatu linauliza kwa nini mzigo wote umwangukie mwanafunzi. Mwaka 1974 chama cha walimu wa uandishi wa vyuo Marekani, CCCC, kilipitisha azimio la kutetea haki ya wanafunzi kuwa na lugha na lahaja zao. Mwaka 2011 Bruce Horner na wenzake watatu waliandika kwamba tofauti za lugha katika maandishi zichukuliwe kuwa rasilimali, zisiwe kizuizi cha kuondolewa. Kwa mtazamo huu, Kiingereza cha Nairobi au cha Dar es Salaam ni namna mojawapo ya Kiingereza, na kituo kinachokifuta kinafanya kazi ya ubaguzi bila kujua.

Hoja hii inawakumbusha wahadhiri kwamba kibainishi kilichokosekana hakimzuii yeyote kuelewa hoja, na kwamba alama zinazokatwa kwa makosa madogo zinaweza kuficha fikra nzuri. Udhaifu wake ni nani anayelipa. Msomi aliyethibitishwa kazini anaweza kuvunja desturi akasifiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akivunja desturi hiyohiyo, anayesahihisha hana azimio la 1974 mezani, ana mwongozo wa alama. Kumnyima mwanafunzi kanuni kwa sababu tunaipinga ni kumtanguliza katika vita ambayo hakuitangaza.

Gharama ambazo hazisemwi

Kila msimamo una bei yake. Kuuliza huchukua muda mrefu: katika nusu saa huenda zikajadiliwa aya mbili. Kueleza ni haraka zaidi, ila kunadai mkufunzi aliyefundishwa sarufi ya lugha ya pili, na mafunzo hayo hugharimu fedha ambazo kituo kinachotegemea wanafunzi wa malipo ya saa mara nyingi hakina. Wakufunzi hao nao wakihitimu huondoka na ujuzi wao.

Kwa mwanafunzi, bei ni muda, na muda wenyewe una kikomo. Mkimbizi anaweza kustahili ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell, lakini hawezi kuipokea zaidi ya kiasi cha mihula 12 maishani. Kila kozi anayorudia inakula akiba hiyo. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hana ruzuku hiyo, na analazimika kubaki mwanafunzi wa muda wote, jambo ambalo kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 za masomo kwa muhula, hivyo hawezi kupunguza kozi kiholela ili apate nafasi ya kujifunza lugha. Wengi hufanya kazi za zamu, na kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni hakiwafikii.

Hata ushahidi wa mafanikio unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Wanaohudhuria vituo wakifaulu zaidi, haimaanishi moja kwa moja kwamba kituo ndicho kilichowainua. Huenda wanaokwenda ni wale ambao tayari wana bidii. Kuwalazimisha wote waende kungeongeza idadi, lakini anayekuja kwa amri hufuata muhuri wa mahudhurio zaidi ya msaada, na sura ya kituo kama mahali pa adhabu huwakimbiza waliokusudia kuja kwa hiari.

Akili mnemba imebadili mizani

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, usafi wa sarufi umekuwa bidhaa ya bei rahisi. Mwanafunzi aliyetaka tu kunyooshewa insha sasa anaipata huduma hiyo usiku wa manane bila miadi. Wapo wanaosema basi vituo vimepitwa na wakati.

Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, programu hizi hutoa sentensi iliyosahihishwa bila kujua kama mwanafunzi ameelewa, na mara nyingi hubadili pia maana aliyoikusudia. Asiye na Kiingereza cha kutosha hawezi kugundua kwamba hoja yake imehamishwa. Pili, kuna hatari ya kutuhumiwa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza, katika mitambo ya kutambua maandishi ya akili mnemba. Kwa wastani, mitambo hiyo ilizitangaza zaidi ya nusu ya insha hizo kuwa kazi ya mashine, kwa sababu msamiati wake ulikuwa mwepesi na wa kutabirika. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili anaweza kushukiwa hata akiandika kwa mkono wake mwenyewe. Rasimu zilizojadiliwa kituoni, pamoja na kumbukumbu za miadi, zinaweza kumsaidia kuonyesha jinsi insha ilivyokua.

Kupima

Ukiziweka hoja zote pamoja, ubishi wa kuuliza au kueleza unapoteza makali. Kipimo chenye manufaa ni hiki: je, mwanafunzi anaweza kulifikia jibu kwa kutumia anachokijua tayari? Kama anaweza, aulizwe. Kama hawezi, aambiwe.

Hoja, mifano na mpangilio wa mawazo ni vya kwake, na hapo maswali ya North na Brooks yana nafasi yake kamili. Desturi za insha ya Kimarekani hazimo kichwani mwake, kwa hiyo Powers yuko sahihi: mkufunzi azieleze bila kuzunguka. Makosa yenye kanuni, kama nyakati za vitenzi na upatanisho wa kiima na kitenzi, yashughulikiwe kwa mchanganyiko: mkufunzi aeleze kanuni moja, aonyeshe mfano mmoja au miwili, kisha mwanafunzi ayatafute mengine mwenyewe kabla hajainuka kitini. Mazoea ya lugha yasiyo na kanuni, kama kihusishi gani hufuata kitenzi gani, apewe tu, kwani kumfanya abahatishe ni kupoteza dakika. Na kosa lisiloharibu maana linaweza kusubiri, jambo ambalo watetezi wa msimamo wa tatu wanatukumbusha kwa haki. Katika hatua zote hizo kalamu ibaki kwa mwanafunzi. Mpaka wa udanganyifu unapita hapo zaidi ya unavyopita kati ya swali na maelezo.

Kipimo hiki kinamdai kila mhusika kitu. Chuo kifundishe wakufunzi sarufi ya lugha ya pili na kiajiri walioipitia njia hiyo wenyewe. Mhadhiri aandike anachotaka kirekebishwe badala ya kumtuma mwanafunzi kwa maneno mawili. Mwanafunzi naye aende siku kadhaa kabla ya kukabidhi, abebe maelekezo ya kazi na maoni ya mhadhiri, na afike na ombi mahususi. "Nisahihishie sarufi" ni ombi ambalo vituo vingi vitalikataa. "Nionyeshe sehemu mbili nilizokosea wakati uliopita, nyingine nitazitafuta mwenyewe" ni ombi ambalo ni vigumu kulikataa. Akiona mkufunzi anazunguka, aseme wazi kwamba kanuni hiyo haijui na angependa kuelezwa. Kuuliza si ujinga, na hakuvunji heshima ya mwenye umri mkubwa mbele ya kijana.

Vyuo vya Afrika Mashariki vina la kujifunza hapa. Huko mzigo huu kwa kawaida hubebwa na kozi ya mwaka wa kwanza ya stadi za mawasiliano, yenye darasa kubwa na mtihani mmoja. Kozi hiyo inaweza kutaja kanuni kwa mamia ya watu, lakini haiwezi kukaa na mmoja wao juu ya aya yake.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu vituo vya uandishi umetokana na mbinu iliyotungwa kwa wenye sikio la Kiingereza kutumiwa kwa wasio nalo, huku kozi za maandalizi zikipunguzwa na bajeti zikibaki finyu. Msimamo wa kuuliza unalinda umiliki lakini unamwacha mgeni gizani. Wa kueleza unampa maarifa lakini unaweza kuteleza na kumfanyia kazi. Wa kutetea tofauti una haki upande wake, ila gharama yake humwangukia asiye na uwezo wa kuilipa. Mgawanyo unaofaa ni kuuliza juu ya mawazo, kueleza juu ya desturi na kanuni, na kumwachia mwanafunzi uandishi wenyewe. Kituo kinachofanya hivyo hakitatoa insha isiyo na kosa ndani ya nusu saa, na mwanafunzi anayekwenda humo akilijua hilo ndiye atakayenufaika zaidi.